Maswali ya Wasomaji: Kuandika Habari za Kesi za Jinai

SWALI: Mimi ni mwandishi wa habari mchanga. Mtu amekamatwa kwa tuhuma za mauaji lakini hajafikishwa mahakamani. Ofisa wa polisi amenidokeza kwamba mtuhumiwa amekwisha kukiri, na kwamba aliwahi kufungwa kwa unyang'anyi. Je, nikiandika kuwa "anadaiwa" nitakuwa salama?

JIBU: Hapana, na hapa ndipo wengi wanapoponzwa. Tahadhari hiyo huenda ikakupunguzia makali katika shauri la kashfa, lakini kosa la kudharau mahakama ni jambo jingine, kwa kuwa linalopimwa ni athari ya habari yako kwa kesi. Chini ya Sheria ya Kudharau Mahakama ya Uingereza ya mwaka 1981, chombo cha habari kinaweza kutiwa hatiani bila kuthibitishwa kwamba kilikusudia kuvuruga kesi, mradi ulichokichapisha kimeleta hatari kubwa ya kuathiri vibaya mwenendo wake. Ulinzi huo hausubiri hati ya mashtaka, bali huanza mtu anapokamatwa. Mwaka 2011 magazeti ya Daily Mirror na The Sun yalitozwa faini ya pauni 50,000 na pauni 18,000 kwa kumwandika vibaya mtu aliyekamatwa katika uchunguzi wa mauaji, ambaye hakuwahi hata kushtakiwa. Muuaji alikuwa mtu mwingine kabisa.

Mambo mawili uliyodokezwa ndiyo yenye hatari kuliko yote. Ungamo linaweza kuwa limetolewa kwa kipigo au kwa ahadi, na mahakama inaweza kulikataa. Kifungo cha zamani nacho kwa kawaida hufichwa wasikijue wanaoamua hatia, wasije wakamhukumu mtu kwa tabia yake badala ya ushahidi wa tukio lenyewe. Mahakama ikishayaweka kando, halafu wananchi walioteuliwa kuketi katika baraza la mahakama wakawa wameyasoma kwako, uamuzi wa jaji unakuwa kazi bure. Jaji anayesikiliza kesi peke yake hudhaniwa kuwa mgumu zaidi kuyumbishwa, lakini mashahidi si majaji, na shahidi aliyesoma gazeti huweza kuanza kukumbuka alichokisoma.

Marekani imechukua njia nyingine. Mwaka 1976 Mahakama Kuu ya nchi hiyo, katika shauri la chama cha vyombo vya habari cha Nebraska, ilifanya iwe vigumu mno kwa jaji kuvizuia vyombo vya habari kuchapisha, kwa hiyo mzigo hubaki kwa mahakama yenyewe: kuahirisha kesi, kuihamisha au kulitenga baraza. Daktari Sam Sheppard alipatikana na hatia ya kumuua mke wake mwaka 1954, baada ya magazeti kumshambulia kwa miezi na hata kuchapisha majina na anwani za wajumbe wa baraza. Mwaka 1966 hukumu hiyo ilitenguliwa, na kesi iliposikilizwa upya aliachiwa huru. Ukiisoma hukumu ya 1966 utaona kwamba lawama kubwa ilimwangukia jaji aliyeshindwa kuidhibiti mahakama yake. Mimi naona hilo ni haki, ingawa halimsafishi mhariri.

SWALI: Ikiwa kesi inasikilizwa hadharani, kwa nini mwandishi akatazwe kuripoti aliyoyasikia kwa masikio yake?

JIBU: Kanuni ya msingi iko upande wako: taarifa ya haki na sahihi ya yaliyosemwa katika mahakama ya wazi kwa kawaida inalindwa. Ugumu huja katika kesi ndogo ndani ya kesi, pale mawakili wanapobishana iwapo ungamo lipokewe au likataliwe, na baraza limetolewa nje. Umma unaweza kuruhusiwa kubaki ukumbini, lakini ukichapisha jioni hiyohiyo, baraza litayapata nyumbani yale liliyotolewa nje lisiyasikie. Kwa hiyo katazo la namna hiyo kwa kawaida ni la muda, na baraza likishatoa uamuzi wake unaweza kuandika yote.

Makatazo mengine hayafunguki hivyo. Mlalamikaji wa kosa la kujamiiana Uingereza hufichwa utambulisho wake maisha yake yote, na Ibara ya 14 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966 inaruhusu hata hukumu isitangazwe hadharani pale maslahi ya mtoto yanapohitaji. Kuliacha jina hakutoshi ikiwa umetaja shule yake, mtaa wake na kazi ya mama yake.

SWALI: Na picha?

JIBU: Hutegemea nchi. England na Wales zimepiga marufuku kupiga picha mahakamani tangu 1925, ingawa baadhi ya usikilizaji sasa hurushwa kwa idhini maalumu. Majimbo mengi ya Marekani huruhusu kamera kwa masharti. Ufaransa, tangu 2000, inakataza kuchapisha bila ridhaa yake picha inayomwonyesha mtu ambaye hajahukumiwa akiwa na pingu. Kabla ya kutoa kamera mfukoni, muulize karani wa mahakama kama kuna amri yoyote iliyotolewa katika kesi hiyo, kisha uisome mwenyewe.