Tuulizane: Kijana anasema anasoma historia kwenye muvi

*Assalaam alaykum. Mie mzazi niko Wete. Kijana wangu yuko kidato cha tatu, usiku kucha yuko na simu anaangalia muvi za vita, nikimgombeza ananijibu "baba nasoma historia". Maalim wake wa skuli kamwambia senema si historia asimalize bando bure. Nimpokonye simu au nimwache?*

Waalaykum salaam ndugu yangu. Usimpokonye. Maalim hakukosea ila hakumaliza maneno, maana kitabu cha skuli kinampa mtoto mwaka na jina la jemadari basi, senema inampa nyuso za watu na vumbi na kilio, na mtoto akishaona nyuso ndipo anapotaka kujua zaidi. Mie Omar Mukhtar wa Libya, mzee aliepigana na Wataliani waliotawala kwao, nilimjua kwa deki ya ami yangu, sebuleni Kikwajuni, kanda imechezwa mpaka picha inakata mistari, watoto chini kwenye mkeka na wakubwa nyuma kwenye viti, na pale mzee anaponyongwa miwani yake ikaanguka na mtoto mdogo akenda kuiokota, nikamuona ami anajifuta macho kwa kofia yake. Sijawahi kusahau. Miaka baadae nikaanza kusoma, nikakuta mzee kweli alikuwa maalim wa Kurani, kweli Wataliani walimkamata Septemba 1931 na hazikupita siku nyingi wakamnyonga, tarehe 16, Soluch, mbele ya watu waliotolewa kwenye makambi ya waya kuja kutazama. Hayo yote ni kweli. Yule mtoto na miwani ni mkono wa mtengenezaji, Moustapha Akkad, aliitoa senema hiyo mwaka 1981 inaitwa Lion of the Desert, na pesa zilitoka serikali ya Gaddafi. Italia wakaipiga marufuku mwaka 1982 wakisema inavunjia heshima jeshi lao. Sasa angalia hapo, mmoja katoa pesa ionekane mwengine katoa amri isionekane, na hilo peke yake ni somo zima la historia ambalo kijana wako anaweza kulipata kabla hata hajabonyeza kitufe. Kwahiyo akianza kuangalia muulize: hii nani kalipa?

La pili, muulize hii picha ilipigwa siku yenyewe au imeigizwa baadae. Hapa watu wazima wengi wanateleza. Iko senema inaitwa The Battle of Algiers, ya 1966, kaitengeneza Mtaliani Gillo Pontecorvo, inahusu Waalgeria walivopigana na Wafaransa mjini kwao miaka ya 1950, na ukiiangalia utaapa ni kamera ya khabari imekimbia na watu mitaani, rangi nyeusi na nyeupe, picha inatikisika. Hamna hata kipande kimoja cha khabari mle ndani! Yote imeigizwa, tena mitaa ile ile ya Algiers na watu wa mji wenyewe, na Saadi Yacef aliekuwa kiongozi wa wapiganaji kaigiza kiongozi aliepewa jina jengine lakini kafanana na yeye mwenyewe. Mie naipenda sana na ningemwambia kijana aione, lakini ajue anaangalia kumbukumbu ya walioshinda, imetengenezwa miaka minne tu baada ya uhuru, majeraha bado mabichi.

Na kuna kisa chengine. Mwaka 1928 Eisenstein alitengeneza senema ya mapinduzi ya Urusi ya 1917, watu wanavamia kasri kwa maelfu, na mpaka leo vipande vile vinapachikwa kwenye dokumentari kama vile ni picha za usiku wenyewe. Kijana akiviona kwenye simu nani atamwambia?

Halafu sauti. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipigwa picha bila sauti kabisa, kwahiyo mizinga na mayowe anayoyasikia kijana kwenye dokumentari ya 1914 yametiwa na mafundi baadae. Hata rangi. They Shall Not Grow Old ya Peter Jackson, ya 2018, picha zote ni za zamani kweli lakini wametia rangi, wakaweka watu wasome midomo ya wanajeshi wajue walikuwa wanasema nini, kisha waigizaji wakatia sauti. Masimulizi yanayokwenda juu ya picha ndio sauti za wazee wenyewe waliopigana, waliohojiwa miaka mingi baadae. Ni kazi nzuri sana, na ukijua ipi ya asili na ipi imetiwa unafaidi zaidi.

Na ukija nae Unguja mchukue Kisiwa cha Chapwani. Wamezikwa pale mabaharia wa meli ya Kiingereza Pegasus, ilikuwa imetia nanga bandarini hapa inatengenezwa mashine, Wajerumani wakaja na meli yao ya vita Königsberg alfajiri ya 20 Septemba 1914 wakaipiga. Vita anavyoviona kwenye simu vya Ulaya vilifika mpaka mlangoni petu, asome majina kwenye makaburi kwa macho yake.

*Mhariri, ile muvi ya Idi Amin na yule daktari mzungu ni kweli? Mie niliiona ya kutafsiriwa. (Msomaji, Mkoani)*

Daktari hayupo dada, ametungwa, The Last King of Scotland imetoka kwenye riwaya. Amin ndie wa kweli, na Forest Whitaker kamuigiza mpaka akapata Oscar. Lakini uliiona ya kutafsiriwa, na mtafsiri wetu anatia maneno yake, anatukana pale ambapo hakuna tusi na anamalizia kisa kabla hakijaisha, kwa muvi za mapigano sawa tu lakini kwa historia tafuta ile isiyoguswa. Na kama unataka kumuona Amin mwenyewe anasema kwa mdomo wake iko dokumentari ya 1974 ya Barbet Schroeder. Amin aliitaka ikatwe vipande, aliekuwa hataki kukata alikuwa huyo Schroeder, basi Amin akawazuia Wafaransa waliokuwa Uganda mpaka vikakatwa. Vilirudishwa baada ya Amin kuanguka 1979. Na vita vya Kagera vijana wa visiwani walikwenda, ukiwa na mzee mtaani kwako aliekuwa jeshini mpelekee kahawa.

*Kwenye magrupu inazunguka video ya mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964, imepigwa kutoka angani, watu wanaonekana wadogo chini. Ni ya kweli au imetengenezwa? Nimwoneshe bibi yangu aniambie? (Kijana, Mji Mkongwe)*

Mwanangu, usimwoneshe. Nitakujibu la kwanza kisha nikwambie kwanini.

Ile imekatwa kwenye dokumentari ya Wataliani wawili, Jacopetti na Prosperi, inaitwa Africa Addio, ilitoka 1966. Walizunguka nchi nyingi za Afrika, na ililaumiwa sana kwa dharau zake kwa watu weusi na kwa vipande vinavyosemwa vilipangwa, mpaka Jacopetti akafikishwa mbele ya sheria kwao kwa tuhuma za mauaji yaliyopigwa picha Kongo, akaachiwa. Kipande cha kwetu wamekipiga toka juu, hawakushuka. Hawakumuuliza mtu jina. Sauti inayoeleza ni yao peke yao, na anaekutumia kwenye grupu mara nyingi kakata mbele na nyuma akatia maandishi yake ya leo. Hapo imeshapita mikono mitatu.

Nakukataza kwa hili. Mjukuu mmoja ndani ya jamaa zangu alimuwekea bibi yake video hiyo mbele ya uso, kwa nia nzuri tu. Bibi alitazama kidogo, akaichukua simu akaigeuza kifudifudi juu ya mkeka, akanyamaza mpaka laasiri. Tulipokaa nae siku nyengine bila simu, tukiwa tunachambua mchele, akaanza mwenyewe. Akasema ilikuwa usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili, Ramadhani imebaki siku chache kuingia, na mama yake alikuwa keshanunua mbaazi za futari zimo kwenye kikapu nyuma ya mlango. Siku tatu hakuna aliewasha moto mle ndani. Kikapu kilikuwa pale pale, na kila aliepita alikiruka.