Masikio yakiuma ndani ya tanki la oksijeni, usivumilie

Kidonda changu cha kisukari, kwenye wayo wa kulia, kilitibiwa kwa oksijeni ya presha hapa Nairobi. Unalala ndani ya tanki la kioo, mlango unafungwa, presha inapandishwa hadi zaidi ya mara 2 ya ile tunayoishi nayo. Kuhusu kidonda nilielezwa kwa kina. Kuhusu masikio niliambiwa tu: "Yakiziba, meza mate."

Aliyewahi kuteremka na matatu kutoka Limuru kwenda Mai Mahiu anaijua hali hiyo. Tankini huja kwa haraka zaidi. Nyuma ya ngoma ya sikio kuna hewa, na mrija mwembamba unaoshuka hadi nyuma ya pua. Presha ikipanda na mrija usifunguke, ngoma inasukumwa ndani. Mafua huuvimbisha mrija huo.

Nami siku ya tatu nilikuwa na mafua, nikanyamaza kwa kuogopa kupoteza zamu. Dakika chache tu, sikio la kushoto likaanza kuchoma kama msumari. Mhudumu alinitazama kupitia kioo, akainua kidole gumba kuniuliza. Nikainua changu. Hapo ndipo nilipojiumiza. Jioni sauti ya mke wangu ilinifikia kana kwamba yuko ndani ya pipa. Daktari wa masikio alikuta damu nyuma ya ngoma, na matibabu yakasimama wiki mbili, kidonda kikiwa bado wazi.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayeanza: taja mafua kabla hujapanda kitandani, hata kama umetoka Kitengela alfajiri. Anza kumeza mate mlango unapofungwa, usingoje maumivu. Piga miayo, chezesha taya. Ukibana pua na kufunga mdomo, puliza taratibu sana. Kupuliza kwa nguvu kunaweza kuumiza hata sikio la ndani. Mkubaliane mapema na mhudumu ishara ya kusimamisha. Wapo ambao mrija wao haufunguki kabisa, na hao daktari anaweza kuwawekea kijibomba kidogo kwenye ngoma.

Niliporudi, sikio lilianza kubana mapema. Nikainua kiganja. Mhudumu akasimamisha, akashusha presha kidogo, nikameza mate mara mbili. Sikio likalia "tk", likafunguka. Akaniangalia, nikaitikia kwa kichwa, akaipandisha tena, safari hii polepole.