Maswali ya Wasomaji: Samaki Anaondoka na Ndoana

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni kijana wa Kilwa Masoko, nimeanza kuvua mshipi kwenye mtumbwi wa mjomba. Samaki wananasa, lakini akiwa mzito mshipi unarudi mtupu, ndoana imekwenda naye. Ncha ya nailoni inarudi imejiviringa. Nami ninafunga mafundo matatu mazima! Ninunue nailoni nene zaidi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hela yako iache mfukoni. Umeshanipa jibu uliposema ncha imejiviringa. Nailoni iliyokatika hurudi butu. Iliyosuguliwa na matumbawe huwa nyeupe, na ukiipapasa inakwaruza kidole. Ya kwako haikukatika, imechomoka kwenye fundo. Nailoni inateleza, haishikani kama katani. Mafundo ya kawaida, hata uyarundike kumi, yatalegea samaki akitikisa kichwa.

Jifunze hili moja. Pitisha ncha kwenye jicho la ndoana, uitoe upande wa pili kiasi cha shubiri. Izungushe kwenye mshipi mara 5. Kama nailoni ni nene, ya milimita 0.70 hivi, mara 4 zinatosha. Sasa irudishe ncha chini, uipenyeze kwenye kile kitundu kidogo kilichobaki karibu kabisa na jicho. Hapo kitajitokeza kitanzi kikubwa: pitisha ncha humo pia. Tia mate. Kisha vuta mshipi polepole, huku ndoana umeishika, mpaka mizunguko ijipange kama springi. Ikipandana, kata uanze upya, usiihurumie. Ncha inayobaki ikate, uache milimita 3 hivi.

Mate usiyadharau. Fundo likikazwa kavu nailoni hupata joto kwa kusuguana, na nguvu hupungua palepale unapoitegemea. Ukimaliza, nasa ndoana kwenye msumari imara uvute kwelikweli. Likuachie ukiwa nchi kavu, si changu wa kilo 3 akiwa ameshaonekana majini.

Hukuniuliza habari ya chubwi, ule uzito wa kuzamisha mshipi, lakini kwa miamba ya huko Kilwa siwezi kuliacha. Liweke chini kabisa, na juu yake ndoana mbili kwenye matawi mafupi ya nailoni, yaliyoachana kiasi kwamba ndoana ya juu haiifikii ya chini. Zikifikiana zitasokotana kila ukishusha. Chubwi lenyewe lifunge kwa nailoni nyembamba kuliko mshipi: mshipi ukiwa wa milimita 0.60, hapo tumia 0.40. Likikwama mwambani, kitakatika hicho kipande tu, ndoana zako zitarudi, na samaki wake. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji ya pwani yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3 na mkondo unakokota kila kitu, basi ongeza uzito. Maji mafu, punguza, mradi ulisikie likigonga chini. Nati kubwa ya gari inafaa sana. Ukitumia risasi, usiibane kwa meno, maana ni sumu, na unawe mikono kabla ya kula.

Vipande vya nailoni unavyokata rudi navyo nyumbani. Haviozi hata miaka mingi ikipita, na kasa hunaswa navyo shingoni na kwenye mapezi. Hili naliomba kwa moyo wangu wote.

SWALI: Shikamoo babu. Niko Kigamboni, nataka kuvua na wanangu kwenye mawe. Dukani wananiuliza ndoana namba ngapi, nami sijui.

JIBU: Marahaba binti yangu. Namba ikiwa kubwa, ndoana ni ndogo: namba 12 ni ndogo kuliko namba 8. Zile zilizoandikwa kwa mkwaju na sifuri, kama 4/0, hugeuka, namba inakua na ndoana inakua. Hizo waachie wavuvi wa samaki wakubwa. Kwenye mawe samaki wengi wana midomo midogo, kwa hiyo anza na namba 8 na 10, na chambo cha kamba au kijipande cha ngisi kisichozidi ndoana yenyewe. Kabla hujalipa, ikokote ncha taratibu juu ya ukucha wa gumba. Ikiteleza ni butu, irudishe. Ikikwama, chukua.