Nilipiga marufuku neno "mazingira" kwenye gazeti la shule

Ikikaribia tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, shule nyingi tunafanya yale yale: usafi asubuhi, miche saa nne, mgeni rasmi, hotuba, basi. Mwaka mmoja nikaongezea shindano la insha kwa darasa la sita. Jioni nikabeba rundo la madaftari nyumbani, nikaanza kusahihisha. La kwanza: "Mazingira ni vitu vyote vinavyomzunguka mwanadamu." La pili: "Mazingira ni vitu vyote vinavyomzunguka mwanadamu." La kumi na moja lilikuwa na "vinavyomzungusha mwanadamu", na nakiri hilo ndilo pekee lililonichangamsha. Karibu wote walimalizia kwa kuiomba serikali itoe elimu kwa wananchi.

Siku hiyohiyo moshi wa jalala letu, nyuma ya vyoo, ulikuwa madarasani tangu mstarini. Hakuna hata mmoja aliyeuandika.

Sikuwalaumu, maana walinirudishia nilichowapa. Ila nilijua insha nyingine haitanisaidia, nikaanzisha gazeti. Mwaka huu ni wa nne, na kwa kuwa walimu wenzangu wananiuliza tulivyoanza, naeleza hapa, pamoja na tulipoharibu.

Msisubiri kompyuta wala mfadhili. Sisi tulianza na karatasi mbili za manila, maka peni, gundi na ukuta wa nyuma wa darasa. Tulikaa ukutani mihula miwili kabla ya kwenda stationari kutoa kopi. Ukuta una raha yake: ukikosea unabandika kipande juu ya kosa, na asiyenunua gazeti anasoma vilevile akiwa kwenye foleni ya uji.

Sheria ya kwanza niliandika ubaoni kwa chaki nyekundu. Maneno yafuatayo hayaruhusiwi gazetini: mazingira, tutunze, jamii, elimu itolewe. Darasa likanuna. Mvulana mmoja akauliza, "Sasa mwalimu, tuandike nini?" Swali halali kabisa. Ukimnyang'anya mtoto neno "mazingira" inabidi aseme mtaro, kuni, kisima, inzi, tope. Nikamwambia achukue mwenzake waende jikoni.

Shule yetu inapika uji na makande kwa kuni. Kazi yao ilikuwa kuniambia tunachoma kuni kiasi gani kwa wiki. Siku ya kwanza wakarudi na "kuni ni nyingi sana". Nikawarudisha. Siku ya pili wakaja na "mizigo mitatu". Mzigo una ukubwa gani? Wakatazamana. Kesho yake, bila kutumwa na mtu, wakaazima mizani ya kuning'iniza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, wakaifunga kwenye mwembe, wakawa wanapima kila mzigo kabla haujaingia jikoni. Sijawahi kuona watoto wa darasa la sita wakigombania kusoma mizani namna ile.

Wiki iliyofuata waliona jambo. Jumanne kuni zilikuwa zimekwenda nyingi kuliko Jumatatu, na sufuria ni ileile, uji ni uleule. Wakaenda kwa mpishi, "Shikamoo mama", wakamuuliza. Akawajibu bila kuacha kukoroga: "Si mvua ya jana usiku? Kuni zimelowa. Kuni mbichi inajikausha yenyewe kwanza, ndiyo ikupe moto." Mimi ningetumia vipindi viwili kueleza kwamba joto linaishia kwenye kuyafukuza maji kabla ya kufika kwenye sufuria. Yeye alitumia pumzi moja. Kichwa cha habari kikawa "Mvua ilivyotuongezea mzigo mmoja wa kuni". Baada ya kuisoma, au kusomewa, mpishi akaomba mabati ya kufunikia kuni.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni huo: kila habari iwe na kitu ambacho mtoto amekihesabu au amekipima mwenyewe, na mtu mmoja aliyemuuliza kwa mdomo wake. Ikikosa kimojawapo, inarudi. Hata kama imeandikwa kwa mwandiko mzuri. Hasa ikiwa imeandikwa kwa mwandiko mzuri.

Habari iliyonifundisha mimi zaidi ilikuwa ya mikoko. Shule iko pwani ya Tanga, karibu na hori, yaani mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, na kitabu kinasema tu "mikoko huzuia mmomonyoko". Mimi ni mtu wa bara, sikuwa na la kuongeza. Nikawatuma kwa bibi na babu zao, kazi moja tu: leteni majina. Wakarudi na mkoko, mchu, mkandaa, msinzi, mlilana, mkomafi, na kila mti na kazi yake. Mkoko ndio wa boriti. Gome la mkandaa linatoa rangi nyekundu. Mizizi ya mchu inachomoza kwenye tope kama penseli zilizochongwa, na ndiyo inayovuta hewa. Mlilana mafundi wanaupenda kwa mataruma, yaani mbavu za mashua. Mtoto mmoja akaleta na la ziada: vyumba vya majumba ya kale ya mawe huku pwani ni vyembamba kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti.

Michoro yote sita ilichorwa na binti ambaye kwenye insha zangu hajawahi kuvuka wastani. Tahajia yake bado ni msiba. Lakini aliingia hori maji yalipokupwa, akakaa mbele ya kila mti, na ukimuuliza leo jani la mchu likoje atakwambia na rangi ya upande wake wa chini. Ndiye mhariri wa picha sasa.

Wawili wengine walikwenda kwa fundi wa mashua wakamwambia kwamba mikoko ni hifadhi, haikatwi bila kibali. Wakamnukuu: "Najua. Sasa mataruma nitayatoa wapi?" Mkono uliniwasha kuongeza sentensi ya mafundisho chini yake. Nikaunyima kalamu. Swali la fundi lilikaa ukutani mwezi mzima, na wazazi waliofika kwenye kikao walilijadili kuliko ajenda.

Sasa tulipoharibu. Toleo la tatu lilihusu mtaro wa getini uliokuwa umeziba. Mifuko ya rambo ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, ukikutwa nayo faini inaanzia shilingi 30,000, kwa hiyo watoto walitaka kujua kama si rambo, ni nini kinachoziba. Wakavuta taka kwa reki, wakazitenga mafungu: vifungashio laini, chupa, pampasi. Vifungashio vikashinda. Hadi hapo kazi safi. Kisha wakaongeza, na mimi nikapitisha, kwamba vinatupwa na mama anayekaanga mihogo pale getini. Pakawa na mchoro: karai, benchi, na kanga yake yenye maandishi yanayosomeka.

Saa nne alikuwa mlangoni kwangu. Hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali angepiga. "Mwalimu, wewe mihogo yangu umekula mara ngapi?" Alikuwa ananidai samahani, na juu yake mia tano ya Ijumaa.

Hakuna aliyekuwa amemuuliza chochote. Tulipokwenda na watoto kumsikiliza, akatuonyesha ndoo yake ya taka chini ya benchi, imejaa, na akauliza akaimwage wapi, maana pale getini hakuna pipa. Tukaandika masahihisho, yakakaa juu kabisa ya toleo lililofuata, kwa herufi kubwa kama zile za kosa. Tangu hapo hatumchori mtu, tunachora mtaro. Na yeyote anayetajwa kwa ubaya, hata kwa mafumbo, anaulizwa kabla gundi haijafunguliwa.

Kuna habari pia ambazo nazikataa moja kwa moja. Wakata magogo, wavuvi wa baruti, wachoma mkaa wa usiku: hizo si za mtoto wa miaka kumi na miwili, hata akizijua kuliko polisi. Kijiji kizima kinaweza kumlipizia baba yake. Na kwenye jalala hakuna kushika taka kwa mikono mitupu.

Matokeo ya mechi, vitendawili na sweta zilizopotea msivione vya kipuuzi. Bila hivyo hakuna atakayesimama ukutani.

Kuhusu mwalimu mkuu. Shule niliyokuwapo zamani nilijaribu kitu kama hiki na karatasi zilibanduliwa kabla ya mapumziko, kwa sababu mkuu alikutana na habari ukutani kama mgeni. Siku hizi nampelekea kila toleo jioni moja kabla. Simwombi akate, namwachia kisanduku tupu chenye kichwa "Majibu ya ofisi". Habari ya jalala ilipofika mezani kwake, watoto walikuwa wameandika siku ambazo moshi uliingia madarasani na vipindi vilivyosimama. Aliisoma mara mbili, akaandika kwamba kabla mwezi haujaisha patachimbwa shimo na chupa zitatengwa ziuzwe kwa kilo.

Mwezi ukaisha. Wahariri, bila kunishirikisha, wakalibandika tena jibu lake, neno kwa neno, na tarehe yake pembeni. Hawakuongeza hata nukta. Alhamisi yake shimo likaanza kuchimbwa. Chupa sasa zinauzwa na ndizo zinazolipia kopi. Moshi bado tunaupata Ijumaa, siku ya usafi wa jumla, na toleo lijalo lina nafasi yake ukurasa wa kwanza.