Kuingia kemia ya juu bila kuwahi kusoma kemia: inawezekana, ila shika moli kabla hujaingia

Mdogo wangu umeuliza kama mtu ambaye hajawahi kusoma kemia hata kidogo anaweza kuchukua kemia ya ngazi ya juu ya sekondari, na muda ulionao ni likizo moja tu. Naona wengi wamekwambia usithubutu. Mi niliingia hivyo hivyo, nina fizikia na hesabu, kemia sina kabisa, na nilimaliza vizuri tu, kwa hiyo nakujibu kwa nilichokipitia.

Kitu cha kwanza kabisa jiangalie hesabu zako. Kama kutafuta x kwenye ikwesheni bado kunakusumbua, au ukiona namba kama 6.022 × 10²³ mkono unasita kuiingiza kwenye kalkuleta, basi soma kemia ya kawaida mwaka mmoja huku unanyoosha hesabu, halafu uje, na wala hujapoteza kitu. Nasema hivi kwa sababu darasani kwetu waliokwama walikuwa na msingi wa kemia mzuri tu, ila hesabu za uwiano, vipeo na logi (logarithm) ndo zilikuwa zinawaangusha, kila mada mpya zinarudi zilezile kwa sura nyingine.

Hesabu zikiwa sawa, basi kinachobaki ni kidogo kuliko unavyofikiria. Huhitaji kusoma kemia yote ya madarasa ya chini, ukianza hivyo likizo itaisha uko kwenye historia ya modeli za atomu na bado hujagusa unachohitaji. Tatizo la kozi hii ni kwamba kuna vitu vichache mwalimu anachukulia unavijua tayari, anavipitia haraka haraka mwanzoni kisha anavitumia mpaka mwisho bila kurudi nyuma. Anaandika Al₂(SO₄)₃ ubaoni na anaendelea na hesabu, wenzako wanaandika, wewe unajiuliza ile 2 na ile 3 zimetoka wapi. Zimetoka kwenye chaji za ioni, yaani atomu au kundi la atomu lenye chaji ya umeme: ioni ya aluminiamu ni 3+, salfeti ni 2−, ili zilingane unahitaji aluminiamu mbili (6+) na salfeti tatu (6−), basi, hakuna uchawi zaidi ya hapo. Lakini lazima uwe umeshakariri kwamba salfeti ni SO₄²⁻, nitreti NO₃⁻, kaboneti CO₃²⁻, fosfeti PO₄³⁻, haidroksaidi OH⁻ na amoniamu NH₄⁺. Hizi kariri kweli kweli, majina na chaji zake, kidogo kidogo kila siku. Ni sehemu chache sana za kemia ambapo nakushauri kukariri na hii ni mojawapo.

Kubalansi ikwesheni, yaani kusawazisha idadi ya atomu pande zote mbili, utajifunza haraka, sina wasiwasi nawe hapo.

Moli sasa. Hapa ndo ukae sana, hata nusu ya likizo nzima ukiiweka kwenye moli hujakosea. Moli ni hesabu tu kama ilivyo dazeni au korija, tofauti ni ukubwa, korija ni vitu 20 na moli ni vitu 6.022 × 10²³. Faida yake ni kwamba atomu huwezi kuzihesabu kwa mkono lakini unaweza kuzipima kwenye mizani, moli moja ya maji ni gramu 18, moli moja ya oksijeni O₂ ni gramu 32, namba unazitoa kwenye jedwali la elementi. Ikwesheni ya kemia yenyewe inaongea kwa moli, haiongei kwa gramu, na hapo ndo watu wengi wanapotea. 2H₂ + O₂ → 2H₂O maana yake moli mbili za hidrojeni kwa moli moja ya oksijeni, haimaanishi gramu mbili kwa gramu moja.

Chukua mfano uone. Una gramu 10 za hidrojeni na gramu 64 za oksijeni, utapata maji kiasi gani? Mtu asiyezoea moli atajumlisha aseme 74. Sasa geuza kwanza: hidrojeni 10 gawa kwa 2 ni moli 5, oksijeni 64 gawa kwa 32 ni moli 2. Moli 2 za oksijeni zinahitaji moli 4 za hidrojeni, unazo 5, kwa hiyo oksijeni ndo inaisha kwanza na yenyewe ndo inaamua kila kitu. Unapata moli 4 za maji ambazo ni gramu 72, na inabaki moli 1 ya hidrojeni, gramu 2. Jumla 74, hakuna kilichopotea. Njia ni ileile kila mara, gramu kwenda moli, moli kwenda moli kwa uwiano wa ikwesheni, moli kurudi gramu. Kwenye gesi badala ya gramu unaanza na presha na ujazo, kwenye myeyusho unaanza na molariti (moli kwa kila lita) mara ujazo wa lita, kwenye titresheni (kupima myeyusho mmoja kwa kuudondoshea mwingine) hivyo hivyo, kwenye nishati ya riaksheni unapewa kilojuli kwa kila moli. Yaani ukiishika moli umeshika zaidi ya nusu ya hesabu za kozi nzima, nasema hili bila kutia chumvi.

Kingine ambacho fizikia ilinisaidia na nadhani kitakusaidia hata kama hujaisoma sana: chaji tofauti zinavutana, na zikikaribiana mvuto unaongezeka. Sehemu kubwa ya maswali ya "eleza kwa nini" yanajibiwa na sentensi hiyo. Kwa mfano kung'oa elektroni ya kwanza ya sodiamu inahitaji kama kilojuli 496 kwa moli, magniziamu 738. Kwa nini? Elektroni za nje za zote mbili ziko ganda la tatu lakini magniziamu ina protoni 12 na sodiamu 11, elektroni za ndani zinazozikinga ni 10 kwa zote, kwa hiyo magniziamu inavuta zaidi. Halafu jaribu kung'oa elektroni ya pili ya sodiamu, inaruka mpaka kama 4562, kwa sababu hiyo sasa unaitoa ganda la ndani, karibu kabisa na kiini na haina kinga kama ya mwanzo. Huhitaji kukariri namba hizi, utapewa, kazi yako ni kuzisoma na kueleza. Na waliosoma kemia ya chini wengi walikuja na jibu la "sodiamu inataka kupoteza elektroni moja ili itulie", jibu hilo ngazi hii halipati alama, atomu haitaki kitu, msahihishaji anataka uongelee protoni, umbali na kinga ya elektroni za ndani. Wewe huna mazoea hayo ya kuyaondoa, unaanza moja kwa moja na maelezo sahihi, hiyo ni faida usiidharau.

Ukifika katikati ya kozi utaona kitu kinabadilika. Mada za ikwilibriamu, asidi hafifu na bafa (myeyusho ambao uasidi wake haubadiliki kirahisi) zikianza karibu darasa zima linakuwa linaanza upya pamoja na wewe, maana madarasa ya chini yanazigusa kidogo mno. Hapo wanafundishwa kwamba riaksheni inakwenda mpaka mwisho, huku unaambiwa nyingine zinakwenda na kurudi kwa wakati mmoja, kama naitrojeni na hidrojeni kutengeneza amonia, na kwamba hata zikionekana zimetulia bado pande zote mbili zinaendelea kwa kasi sawa. Na asidi kuwa hafifu ni tofauti na asidi kuwa na maji mengi, hili litakuja kwenye mtihani naamini kabisa. Asidi ya haidrokloriki ya 0.1 M (moli 0.1 kwa lita) ina pH 1 (pH ni kipimo cha uasidi, ikiwa ndogo uasidi ni mkubwa) kwa sababu yote imeachana kuwa ioni, asidi ya asetiki ya 0.1 M ileile ina pH kama 2.9 kwa sababu ni sehemu ndogo tu, kama asilimia 1, imeachana. Na kwa vile pH ni logi, kutoka 1 hadi 2.9 maana yake ioni za hidrojeni zimepungua karibu mara 80. Unaona sasa kwa nini nilikwambia logi.

Maabara usiogope, ila mwombe mwalimu akuonyeshe vifaa kabla ya wiki ya kwanza, wengi wanakubali ukiomba kwa heshima. Jua kusoma bureti (mrija mrefu wenye vipimo) kwenye sehemu ya chini ya mkunjo wa maji macho yakiwa usawa wake, na uandike desimali mbili. Na ukipunguza makali ya asidi unamimina asidi ndani ya maji polepole, kamwe usimimine maji ndani ya asidi kali, joto linalotoka linaweza kuirusha usoni.

Kuhusu kusoma, video zinaelewesha lakini zinakupa uongo wa kwamba umeelewa, funga video ufanye swali mwenyewe kwenye karatasi, maswali ya mitihani iliyopita ndo chakula chako, na ukikosa andika hatua uliyokosea, kunakili jibu tu hakutakusaidia.

Kabla hujasaini fomu jipime na hili, usitazame popote: methane gramu 16 inaungua na oksijeni gramu 48, CH₄ + 2O₂ → CO₂ + 2H₂O, itatoka CO₂ gramu ngapi na nini kitabaki? Jibu ni gramu 33 za CO₂ na gramu 4 za methane zinabaki. Ukiweza kumweleza mtu kila hatua ya kufika hapo shule zikikaribia kufunguliwa, saini uingie darasani.