Kijana asipande ndege kabla ya jibu

Pole na hofu, dada yangu. Unasema mwanao yuko Uingereza, viza ya masomo inaisha tarehe 20 Desemba, anataka aombe nyongeza halafu aje Krismasi hapa Moshi. Tafadhali, asije. Akituma ombi kabla ya viza kuisha, Sheria ya Uhamiaji ya 1971 inamlinda: kibali cha zamani kinaendelea mpaka ajibiwe, hata ikichukua miezi. Akitoka nchini kabla ya jibu, inahesabika ameliondoa ombi mwenyewe.

Mpwa wangu yalimkuta. Tulimpokea uwanja wa ndege wa KIA kwa vigelegele. Begi lake likakaa Machame mpaka mahindi yakavunwa. Chuo kikampita.

Mwambie atume leo, na barua pepe ya uthibitisho aihifadhi. Ndafu itamsubiri.