Kufunga Reli ya Vifaa Ukutani: Kwa Mafundi Wanaoanza

Wengi wanaoanza kazi hii hushughulika mno na unene wa chuma cha reli ya kutundikia vifaa gerejini, ilhali ni nadra chuma hicho kushindwa. Kinachoshindwa ni ukuta, na kwa hiyo ukuta ndio wa kuchunguzwa kwanza.

Toboeni tundu moja la majaribio mahali ambapo reli yenyewe italifunika. Biti ikienda polepole na kutoa vumbi laini la kijivu, tofali limeshiba saruji. Ikizama bila kusukumwa na mchanga ukamwagika, tofali ni dhaifu, na hakuna skrubu itakayolitia nguvu. Kumbukeni pia kwamba lipu haibebi kitu: fisha (kijibomba cha plastiki kinachoingizwa tunduni ili skrubu ishike) ya milimita 50 iliyoanzia usoni mwa lipu yenye unene wa milimita 15 imeshika tofali kwa milimita 35 tu. Nunueni fisha na skrubu ndefu za kufidia lipu hiyo, wala msitoboe kwenye maungio ya matofali.

Jambo linalopuuzwa zaidi ni kwamba mzigo unaochomoza hauvuti kwenda chini peke yake, bali huvuta pia skrubu ya juu itoke ukutani. Tuseme kishikio, yaani kipande kinachofungwa ukutani kwa skrubu ili kibebe mzigo, kimebeba kilo 40, na kitovu cha mzigo kiko milimita 150 kutoka ukutani. Ikiwa skrubu ya juu iko milimita 100 tu kutoka ukingo wa chini wa kishikio, inavutwa nje kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 60. Kishikio kikirefushwa hadi umbali huo ufike milimita 300, nguvu hiyo hushuka hadi kilo 20. Ndiyo sababu mimi hupendelea vishikio virefu kuliko skrubu nene.

Kabla ya kutoboa, angalieni soketi na swichi zilipo, kwa kuwa nyaya zake kwa kawaida hupanda au kushuka wima kutoka hapo. Msitoboe juu wala chini yake. Kwa reli ndefu, mpira wa maji wanaoutumia waashi hunyoosha mstari vizuri kuliko pimamaji fupi. Fisha ya milimita 8 inataka biti ya milimita 8, na tundu lizidi urefu wa fisha kwa milimita 10 hivi, kisha vumbi lote litolewe, kwa sababu fisha iliyolala juu ya vumbi huteleza. Kwenye matofali yenye matundu, zimeni mpigo wa nyundo wa drili, la sivyo kuta zake nyembamba zitapasuka kwa ndani.

Ukuta ukiwa dhaifu, msikimbilie bolti za kupanuka, maana kule kupanuka ndiko kunakolipasua tofali. Ikiwa upande wa pili unafikika, pitisheni bolti hadi huko na mkaze nati juu ya bamba pana la chuma. Usipofikika, simamisheni nguzo za mbao kutoka sakafuni na kufunga reli juu yake, ili uzito ushuke sakafuni na ukuta ubaki na kazi ya kuzuia nguzo zisianguke mbele. Mteja atalalamikia gharama ya mbao. Mwonyesheni mchanga uliotoka kwenye tundu la majaribio.